Fungua Kwanza, Kisha Ufute

Maneno ya sekretere wa mutualite kwenye mukutano wetu wa mwezi

Mwenyekiti amenipatia dakika kumi niseme juu ya kupitisha fichie kati ya ordinatere na simu bila intaneti. Kule Tanzania tulizoea kusema kompyuta, hapa ni ordinatere. Jina lolote utakalotumia, makosa ni yale yale.

Nianze na kosa langu. Wengi munalijua, lakini sijalisema wazi mbele yenu. Liste ya michango ya mwaka muzima ilikuwa katika ordinatere ya komite. Siku moja nilitaka kuipeleka kwenye nyumba ya kuchapisha, tuitoe kwenye karatasi. Nikaingiza flashi. Pahali pa kunakili, mimi nikakata na kubandika. Maana yake fichie ilihama, haikubaki nyuma. Kisha, juu ya haraka, nikachomoa flashi bila kuiaga mashini. Kufika kule, mashini ikasema flashi haisomeki, inaomba ifutwe yote. Liste ikapotea pande zote mbili.

Tulikaa siku tatu tukiijenga upya kwa risiti zenu. Mama mumoja mujane hakuwa na risiti za miezi mine, na wakati ule mutoto wake alikuwa hospitali, anaomba musaada wa mutualite. Komite ilimuamini na alisaidiwa. Lakini alisimama mbele ya watu kujitetea kwamba alilipa, na kosa halikuwa lake. Lilikuwa langu. Hilo linaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo ninaomba mukumbuke jambo moja: nakili, fungua kule ilikofika, kisha ndio ufute, kama ni lazima kufuta. Kuona jina la fichie haitoshi. Ifungue, isome mpaka mwisho. Na ukimaliza na flashi, bonyeza pale pameandikwa « Éjecter », ungoje mashini ikuruhusu, ndio uchomoe.

Sasa, njia zenyewe.

Ya kwanza ni kablo. Unganisha simu na ordinatere, fungua kufuli ya simu, vuta chini ile orodha ya matangazo, uchague « Transfert de fichiers ». Usipochagua hivyo, simu inachaji tu, na wengi wanafikiri imeharibika. Kama hilo neno halionekani kabisa, jaribu kablo nyingine. Kuna kablo zinazobeba umeme peke yake, hazibebi fichie.

Ya pili ni Bluetooth. Karibu simu zote ziko nayo, hata nyingi za vibonyezo. Lakini inaenda polepole. Picha ya karatasi moja, megabaiti 2 ao 3, inapita haraka. Video ya megabaiti 500 inaweza kula zaidi ya nusu saa, na mukiachana mbali inakatika.

Ya tatu ni Wi-Fi ya simu kwa simu. Vijana wanaitumia kupeana nyimbo: Xender, ao Quick Share kwenye simu za Android. Wenye iPhone wanapeana wenyewe kwa wenyewe kwa AirDrop. Wengi wanaogopa kwamba inakula megabaiti walizonunua. Hapana. Mawimbi yanatoka simu moja yanaingia nyingine, hayapiti kwenye antena ya kampuni. Ile video ya nusu saa inaweza kupita kwa dakika moja ao mbili.

Ya ine ni flashi na kadi ya memori. Zinabeba mingi, lakini muangalie mambo mawili. Flashi nyingi zimepangwa kwa namna inayoitwa FAT32, na hiyo haikubali fichie moja kupita gigabaiti 4, hata kama nafasi iko. Tena, sokoni kuna kadi za uongo: juu imeandikwa 64, ndani haifiki hata 8. Inapokea kila kitu kimya kimya, kisha hakifunguki. Unaona tena kwa nini ninasema fungua kwanza?

Na virusi? Flashi inayozunguka kila ordinatere ya muji inazibeba. Ukiona dosie zako zimegeuka kuwa vimishale vidogo, usibonyeze. Mara nyingi fichie ziko bado, zimefichwa tu. Leta flashi kwetu mbele ya kufuta kitu chochote. Pia, karatasi za utambulisho usizipitishe kwenye simu ya mutu usiyemujua, na kama simu yako inaulizwa kupokea kitu usichokingoja, kataa.

Wapendwa, kwa nini ninasumbua watu wazima na mambo haya? Sisi tuliorudi, maisha yetu iko kwenye karatasi. Tulivuka ziwa kutoka Kigoma mpaka Baraka na mifuko, na ndani ya mifuko kulikuwa cheti cha kuzaliwa, karatasi za shule, kadi za chanjo. Kambi ya Lugufu ilifungwa mwaka 2009. Shule iliyoandika karatasi ya mutoto wako haiko pale tena, hakuna mulango wa kwenda kubisha. Karatasi ikiliwa na muchwa ao nyumba ikiungua, picha yake ndiyo itakusaidia kueleza. Picha haichukui nafasi ya karatasi yenyewe, lakini inaonyesha namba, tarehe na muhuri. Na picha iliyo kwenye simu moja tu, simu ikiibiwa, imeenda nayo.

Basi tuweke pahali pawili: moja kwako, moja kwa ndugu unayemuamini anayekaa nyumba nyingine. Liste ya michango tangu ile siku iko pahali patatu: ordinatere ya komite, simu ya mama trezorie, na karatasi ndani ya sanduku. Kila mwisho wa mwezi tunazifungua zote tatu, tunalinganisha.

Nisiongee mingi. Mukutano ukiisha, mwenye simu abaki hapa na karatasi zake. Tutapiga picha, tutapitisha, na kila mumoja atafungua mwenyewe kwa mukono wake mbele ya kwenda nyumbani. Yule mama amekubali kuwa wa kwanza.