Tununue Vitabu Gani vya Hisabati?

Maneno ya Mweka Hazina katika mkutano mkuu wa mwaka, Dar es Salaam



Mwaka jana nilisimama hapa nikasoma hesabu za mfuko wa shule, mkanipigia makofi. Vitabu 140 vya kujiandaa na mtihani wa hisabati wa kidato cha nne, kila kimoja 8,000/=, jumla 1,120,000/=. Risiti ipo, shule ilisaini kupokea, mkaguzi wetu hakuwa na hoja. Leo nimekuja kuwaambia kwamba fedha zile nilizitumia vibaya.

Hakuna aliyekula. Naharakisha kulisema hilo, maana sisi Wapare tunajulikana: tunaweza kumaliza ng'ombe kwa kesi ya kuku.

Desemba nilikuwa nyumbani, milimani. Binti wa jirani yake mama, yuko kidato cha tatu, alikuja na kitabu chetu mkononi. Nilifurahi kuuona muhuri wa chama. Nikamchagulia swali lililomo ndani: baba ana umri mara tatu ya umri wa mwanawe, baada ya miaka 12 atakuwa na umri mara mbili ya mwanawe, sasa hivi kila mmoja ana miaka mingapi? Akaandika upesi, mstari kwa mstari: mwana 12, baba 36. Sawa kabisa. Nikabadilisha kitu kimoja tu, nikaiondoa ile 12 nikaweka 15. Akaandika mistari ileile, mwana 12, baba 36. Nikamwambia ahakiki. Akafungua kitabu akanionyesha kwa kidole: "Mjomba, si ndivyo kilivyoandika?"

Jibu ni 15 na 45. Mtoto si mzito hata kidogo. Amekariri kurasa nyingi kuliko mnavyodhani, kwa sababu kitabu tulichompa kina maswali ya mitihani iliyopita na majibu yake tu, na kitu pekee unachoweza kufanya na kitabu cha namna hiyo ni kukikariri.

Usiku ule nilikaa nacho na kalamu nyekundu, kazi ambayo ningeifanya kabla ya kusaini hundi. Kuna mahali kimeandika log 2 + log 3 = log 5. Ni log 6, ndugu zangu, logi zikijumlishwa namba huzidishwa. Kuna mtoto wetu atakayeipeleka ile log 5 kwenye chumba cha mtihani akijiamini kabisa. Kanuni zetu za manunuzi zinataka bei kutoka kwa wauzaji watatu. Nilizikusanya, nikachukua ya chini. Hakuna kifungu kinachomtaka mweka hazina akifungue kitabu.

Asubuhi nilikwenda kwa mwalimu wa hisabati. Aliniuliza kama najua alama zinapatikana wapi. Sikujua, miaka mingi imepita. Kwa mitihani ya miaka ya karibuni, karatasi ya hisabati ina maswali 14. Kumi ya sehemu A yana alama 6 kila moja, manne ya sehemu B yana alama 10. D inaanzia 30. Hapo ndipo uhasibu wangu ulipoamka: maswali matano tu ya sehemu A yakipatikana yote, mtoto ametoka kwenye F. Na mwaka 2021, nchi nzima, waliofaulu somo hili hawakufika 20 katika kila 100. Sehemu A inagusa namba, vipeo, logi, asilimia, hata hesabu za biashara ambazo mimi nazipenda, mambo ambayo baadhi yake huanza kidato cha kwanza. Kitabu chetu kilikuwa kimejaza kurasa kwa maswali marefu ya sehemu B.

Mwalimu alinionyesha pia taarifa za Baraza la Mitihani zinazochambua majibu ya watahiniwa, swali kwa swali. Zinapatikana bure kwenye tovuti yao, kama ilivyo mitihani iliyopita. Makosa yanajirudia: mtoto anashindwa kugeuza maelezo kuwa mlinganyo, au anapotea kwenye alama ya kutoa. Mara nyingine tatizo ni Kiingereza cha swali, siyo hesabu.

Basi mwaka huu tulinunua nakala moja moja ya vitabu vinne vyenye ithibati ya Kamishna wa Elimu, tukawaachia wanafunzi wiki mbili. Mwalimu alikuwa na jaribio lake: mtoto asome ukurasa mmoja wa maelezo, afunge kitabu, aeleze kwa Kiswahili, au hata kwa Chasu akipenda. Viwili vilianguka hapohapo. Cha tatu kina mifano mizuri lakini mazoezi haba. Walichokichagua ni chembamba, jalada lake halivutii, kinaanzia mada za kidato cha kwanza, mfano mmoja unafuatwa na mazoezi mengi, na majibu yako nyuma bila njia. Bei yake ni karibu mara mbili ya kile cha mwaka jana.

Tutanunua 40 tu. Hapa mwalimu alinisahihisha tena: kabla ya kitabu cha ziada, mtoto awe na kitabu cha kiada, na sasa watoto watatu wanagawana kimoja. Kwa hiyo ombi ni viada 60, ziada 40, na mitihani iliyopita ichapwe bila majibu. Yote ni 1,900,000/=. Mkononi tuna 740,000/=. Tunapungukiwa 1,160,000/=.

Tusinunue kwa ajili ya vidato vyote kwa pamoja. Mitaala iliyoboreshwa ilianza kuingia kwa awamu mwaka 2024, kwa hiyo kila kitabu kitaangaliwa kama kinaendana na mtaala wa darasa linalokipokea. Hata wewe mwenye vitabu vya mwanao kabatini, vilete, tutavichambua.

Mnaouliza vile 140 viko wapi: mwalimu hakuvitupa. Kila Ijumaa anawapa kidato cha nne ukurasa mmoja watafute kosa. Yule binti wa jirani ameshapata saba, na log 5 aliiona mwenyewe.

Fomu za ahadi ziko ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki.