Kitabu cha Wazee ni Amana: Juu ya Kujalidi na Kutengeneza Vitabu vya Kale

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanajumuiya, Bujumbura, katika siku ya ukumbusho)

Bismillahi Rrahmani Rrahim.



Nimeombwa niseme machache juu ya vitabu vya kale vilivyomo majumbani na misikitini mwetu, na jinsi ya kuvitengeneza vinapochakaa. Huenda mtu akaliona jambo hili kuwa dogo, akasema kwamba misahafu mipya ipo tele madukani. Ni kweli ipo. Lakini katika kitabu kilichorithiwa mna maandishi namna mbili: maandishi ya kitabu chenyewe, na maandishi ya wale waliokishika. Yale ya kwanza yaweza kupatikana katika nakala nyingine. Haya ya pili yakipotea hayapatikani tena duniani. Basi fundi wa kweli ni yule azihifadhiye zote mbili.

Kazi ya kujalidi si ngeni kwa Waislamu, wala si ngeni kwa Afrika. Al-Jahiz wa Basra, aliyeishi katika karne ya 9, ameitaja fahari ya Wahabeshi kwamba ni kwao Waarabu walikoupata msahafu, yaani karatasi zilizokusanywa baina ya majalada mawili. Al-Muizz bin Badis, mtawala wa Kairouan aliyefariki mwaka 1062, ananasibishiwa kitabu juu ya kazi za waandishi, na ndani yake umo mlango wa kujalidi na vyombo vyake. Baadaye Bakr bin Ibrahim al-Ishbili, aliyekuwa fundi mwenyewe huko Maghribi, akaandika risala nzima juu ya ufundi huu. Na katika pwani yetu, mji wa Siyu, kisiwani Pate, ulisifika katika karne ya 18 na ya 19 kwa misahafu iliyoandikwa kwa mkono.

Uislamu ulifika pande hizi za ziwa katika karne ya 19 pamoja na misafara iliyotoka pwani ikapita Tabora na Ujiji. Walimu wakaja na vitabu vyao, vingine vya mkono, na baadaye vingi vilivyopigwa chapa Cairo na Bombay. Kitabu kilichosafiri hivyo hakikuwa karatasi tu. Pambizoni mwake mwalimu aliandika sherehe ya neno gumu. Katika ukurasa wa mwanzo ziliandikwa tarehe za kuzaliwa watoto na za kufariki wazee. Na juu ya kurasa pengine liliandikwa neno "waqfu", ili kila asomaye ajue kuwa kitabu kile hakiuzwi wala hakirithiwi.

Sasa tutazame yanayoviharibu. Mchwa twaujua, na unyevu wa masika twaujua. Lakini kuna adui wa tatu ambaye hatumdhanii, naye ni mtengenezaji mwenye haraka. Huyu huyakata makali ya kitabu kwa kisu ili yalingane, na kwa mkato mmoja huondoa sherehe za pambizoni. Tena vitabu vingi vya kale havina nambari za kurasa. Pembeni, chini ya ukurasa, huandikwa neno linaloanza ukurasa ufuatao, nalo ndilo linaloonyesha mpango. Likikatwa, na kurasa zikatawanyika, ni nani atakayezipanga?

Huyohuyo hubandika utepe wa plastiki penye mpasuko. Baada ya miaka michache utepe hugeuka manjano, plastiki ikabanduka, na gundi yake ikabaki imezama katika karatasi. Au hutoboa matundu kandokando ya mgongo akashona kitabu kizima kwa uzi mmoja. Kikawa hakifunguki vema, na kila msomaji akikikandamiza kurasa huvunjika penye mshono.

Njia iliyo bora ni ya subira, na vyombo vyake si vya gharama kubwa. Kwanza zihesabiwe kurasa, zipigwe picha kama zilivyo, kisha zifutwe vumbi kwa brashi laini. Pili, wino ujaribiwe kwa pamba yenye unyevu mdogo, kwenye nukta moja isiyo na maana kubwa; kwani wino wa masizi huyeyuka kwa maji, na ule uliotengenezwa kwa chuma hula karatasi, na unyevu huuzidishia ukali wake. Palipopasuka pawekwe karatasi nyembamba yenye nyuzi ndefu, ibandikwe kwa uji wa wanga wa ngano uliopikwa vema na kupakwa kidogo sana, kisha ikaushwe baina ya vibao viwili. Sifa ya uji huu ni kwamba fundi atakayekuja baada ya miaka 50 aweza kuulainisha kwa maji akaondoa alichokiweka mwenzake. Kila tutakalolifanya kwa kitabu cha amana na liwe lenye kuweza kutenduliwa.

Kisha karatasi zilizokunjwa pamoja, fungu kwa fungu, zishonwe katika mkunjo wake, kwa kuyapitia matundu yaleyale ya zamani. Mgongo utiwe kitambaa, na jalada la kale, hata likiwa limechakaa, lirudishwe likiwezekana. Vitabu vyetu vingi vya mkono vina ulimi wa ngozi unaofunika upande wa mbele. Ulimi huo huingia chini ya jalada la juu, wala haukai juu yake. Na vitabu vya namna hii viliwekwa vikiwa vimelala, si kwa kusimamishwa kama vya Ulaya, kwa sababu majalada yake yamelingana na kurasa, na kikisimamishwa karatasi huning'inia zikauvunja mgongo. Basi tuvilaze, mbali na sakafu na mbali na ukuta wenye unyevu.

Limebaki suala la kurasa zilizochakaa mno. Hukumu yake, ni kuzika au kuchoma, nawaachia Masheikh wetu. Mimi naomba jambo moja tu: kabla ya kuziondoa, ziangaliwe na mtu ajuaye. Mwaka 1972, mafundi waliokuwa wakiutengeneza Msikiti Mkuu wa Sana'a, huko Yemen, walikuta juu ya dari rundo kubwa la kurasa kuukuu zilizowekwa hapo na watu wa zamani. Miongoni mwake zilikuwamo kurasa za Kurani ambazo leo zahesabiwa kuwa katika zile kongwe kabisa zijulikanazo. Lau zingetupwa, nani angalijua?

Ndugu zangu, nina maombi matatu kwa Jumuiya. La kwanza, iandikwe daftari ya vitabu vya kale vilivyoko kwetu, kila kimoja kikibaki kwa mwenyewe, wala pasiwe na mtu wa kunyang'anywa. La pili, wachaguliwe vijana watatu au wanne, wa kiume na wa kike, wenye mikono mitulivu, wafundishwe ufundi huu, na waanze kujifunzia madaftari ya chuoni kabla ya kugusa misahafu ya wazee. La tatu, mwenye kitabu kilichoharibika, asipompata fundi, asikitengeneze mwenyewe. Akifunge katika kitambaa safi cha pamba akilaze pakavu. Kitabu kilichovunjika chaweza kungoja. Kilichokatwa pambizo hakiponi.

Wazee wetu walivibeba vitabu hivi kwa miguu, siku nyingi njiani, wasiviache. Sisi hatukutakiwa tuvibebe. Tumetakiwa tuvitunze tu. Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, na atujaalie tuwe wenye kurudisha amana kwa wenyewe, nao ni watoto wetu. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.