Majibu ya Nani, na ya Lini? Kusoma Vipimo vya VVU na Magonjwa ya Ngono
Mada kwa semina ya washauri nasaha na wahudumu wa afya ngazi ya jamii



Kupima VVU siku hizi ni kazi ya dakika 15 hadi 20. Kueleza majibu ndiko kunakotushinda. Mtu anatoka chumbani na karatasi, na kabla hajafika nyumbani karatasi ile imeshatumika kwa mambo isiyoyajua: imemsafisha mume ambaye hajawahi kupima, au imemtia mke hatiani kwa ugonjwa uliotibiwa miaka mingi iliyopita. Hoja ninayoileta mbele yenu ni hii: kila majibu yana mwenyewe na yana tarehe yake. Mshauri ambaye hakuyataja yote mawili hajamaliza kazi, hata kama kipimo chake hakikukosea.

Nianze na tarehe. Kipimo cha haraka cha tone la damu kidoleni hakitafuti virusi vyenyewe. Kinatafuta kingamwili, ambazo mwili huzitengeneza baada ya virusi kuingia, na mwili unahitaji muda kuzitengeneza. Kwa wengi ni wiki chache tu, lakini kwa vipimo hivi tunahesabu hadi siku 90. Huo ndio muda tunaouita kipindi cha dirisha. Kijana aliyefanya ngono bila kondomu Jumamosi akaja kupima Jumatatu, majibu yake hasi yanaeleza hali yake ya miezi mitatu iliyopita na kurudi nyuma. Ya Jumamosi hayajui kitu.

Hapa pana kosa linaloniuma kuliko mengine yote. Kijana huyo anaambiwa, "Huna maambukizi, rudi baada ya miezi mitatu." Kuhusu kipimo, kauli hiyo ni sahihi. Kuhusu kijana, ni hasara inayoweza kumfuata maisha yake yote, kwa sababu Jumatatu ile bado alikuwa ndani ya saa 72. Ndani ya saa hizo anaweza kuanzishiwa dawa za kuzuia maambukizi baada ya tukio, yaani PEP, akazimeza siku 28, na kadiri anavyoziwahi ndivyo zinavyomkinga zaidi. Swali la "lini?" linapaswa kuulizwa kabla ya kidole kuchomwa. Tukilisahau, tunampa mtu majibu ya miezi mitatu iliyopita huku dawa ya juzi ikipitwa na wakati kabatini.

Sasa majibu chanya. Kwa nini kipimo cha kwanza kikionyesha mistari miwili hatumwambii mtu hapo hapo kwamba ana VVU? Wateja wetu hudhani tunawaficha au tunaogopa kusema. Tuwaonyeshe hesabu. Chukua watu 1,000, na tuseme 44 kati yao wana VVU, ambacho ni karibu na kiwango cha asilimia 4.4 kilichopatikana kwa watu wa miaka 15 na zaidi katika utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa mwaka 2022 na 2023. Chukua pia kipimo kizuri, kinachokosea mara 1 tu katika kila watu 100 wasio na virusi. Wote 44 watakamatwa. Lakini katika wale 956 walio salama, kama 10 nao watasomeka chanya. Jumla ni watu 54, na 10 kati yao hawana kitu.

Sasa chukua kundi lingine la watu 1,000 ambalo wenye VVU ni 5 tu. Kipimo ni kile kile na uzuri wake ni ule ule, ila safari hii wanaosomeka chanya ni 15, na theluthi mbili yao hawana virusi. Wenzangu, hii ndiyo hali tunayoielekea. Watu wengi wenye VVU wameshajulikana na wako kwenye tiba. Wanaokuja kupima leo kwa sehemu kubwa ni wale wasio nayo. Ndiyo maana mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza vipimo vitatu tofauti, kimoja baada ya kingine, vyote vikubaliane kwanza, ndipo mtu aambiwe ana maambukizi. Mwaka huo huo sheria yetu ilirekebishwa, mtu akaruhusiwa kujipima mwenyewe. Kwa hiyo tutazidi kuwapokea watu wanaobisha hodi huku wanatetemeka, wameshika kipimo cha mate chenye mistari miwili, na wengine wameshaandika ujumbe wa kuaga. Neno la kwanza wanalostahili kulisikia ni kwamba kipimo cha kujipima ni mwanzo wa safari ya vipimo, na majibu bado hayajatoka.

Nije kwa mwenye majibu, na hapa nitakaa kidogo. Mume anamtuma mkewe kliniki ya wajawazito, mke anapima, hana, na mume anahesabu kwamba yeye naye amepima. Au kinyume chake: mke anakutwa nayo, mume akipima hana, na mtaani wanasema damu yake ni kali, au kundi lake ni O, na kundi O haliambukizwi. Hakuna kundi la damu linalozuia VVU. Kinachotokea kina maelezo ya wazi.

Uwezekano wa mwanamke kuambukizwa kwa tendo moja la ngono ya ukeni na mwanamume mwenye VVU asiyetumia dawa umekadiriwa kuwa kama mara 8 katika matendo 10,000. Kwa mwanamume kutoka kwa mwanamke, kama mara 4. Kwa anayeingiliwa kinyume na maumbile hupanda hadi kama 138. Hizo ni wastani, na wastani una hatari yake. Wiki za kwanza baada ya mtu kuambukizwa virusi huwa vingi mno mwilini, na kidonda cha kaswende au malengelenge ya sehemu za siri hufungua mlango zaidi. Naomba tusimtajie mteja namba hizi peke yake. Atasikia "mara 8 katika elfu kumi" na atatoka amefurahi. Mwambieni pia kwamba tendo hurudiwa. Wana ndoa wakikutana mara 100 kwa mwaka, ile 8 katika 10,000 inakaribia 8 katika 100.

Na ushahidi upo jirani hapa, Rakai nchini Uganda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulifuatilia jozi 415 za wenzi ambao mmoja alikuwa na VVU na mwingine hana, wakati ambapo dawa za kufubaza virusi hazijafika vijijini. Kwa mwaka, kama 12 katika kila 100 ya wale wasio nayo waliambukizwa. Maana yake ni kwamba wengine kama 88 walimaliza mwaka bila maambukizi, wakiwa kitanda kimoja na mwenye virusi. Majibu hasi ya mmoja hayasemi lolote juu ya mwenzake. Wala majibu ya wote wawili hayasemi nani alianza, na mshauri asikubali kufanywa hakimu wa swali hilo.

Rakai ilitupa jambo lingine kubwa. Hakuna hata mmoja aliyeambukizwa na mwenza mwenye virusi chini ya 1,500 katika mililita moja ya damu. Tafiti zilizofuata, wenye VVU wakiwa kwenye dawa, zimelithibitisha jambo hilo, na leo tunasema bila kigugumizi: mtu anayemeza dawa vizuri, na kipimo cha wingi wa virusi hakivioni, hamwambukizi mwenza wake kwa ngono. Lisemeni kwa sauti. Ila limalizieni: mtu huyo akichomwa kidole kwa kipimo cha haraka atasomeka chanya, kwa kuwa kingamwili zimebaki. Kipimo cha mate kinaweza hata kumdanganya kwamba hana, kwa hiyo aliye kwenye dawa asijipime "kuona kama amepona". Virusi vimejificha mwilini, na akiacha dawa vitarudi.

Kwa mtoto mchanga suala la mwenye majibu ni gumu zaidi. Kingamwili za mama hupita kwenda kwa mtoto na zinaweza kubaki hadi miezi 18. Kipimo cha haraka kikisoma chanya kwa mtoto wa miezi 5, kinaweza kuwa kinamsoma mama. Ndiyo maana huchukuliwa matone ya damu makavu kwenye karatasi maalumu, yapelekwe maabara kutafuta virusi vyenyewe.

Kaswende nayo imevunja ndoa bila sababu. Kipimo cha haraka tunachotumia kwa wajawazito, kile kinachosoma VVU na kaswende kwa pamoja, hutafuta kingamwili ambazo mara nyingi hazifutiki maisha yote. Mama aliyechomwa sindano ya penisilini katika mimba ya kwanza akapona, katika mimba ya pili atasomeka chanya tena. Ugonjwa wa sasa hutofautishwa kwa kipimo cha RPR, ambacho huhesabu kiwango: kikishuka mara nne, tuseme kutoka 1:32 hadi 1:8, tiba imefanya kazi. Pasipo na RPR, mama atibiwe tu. Sindano ina madhara madogo kuliko kumpoteza mtoto. Lakini aelezwe, na mumewe aelezwe, kabla maneno hayajaanza.

Klamidia na kisonono nitazipita haraka. Wanawake wengi wenye klamidia hawana dalili yoyote, nasi katika vituo vingi tunatibu kwa kufuata dalili. Basi kutotokwa na uchafu kusiandikwe kama majibu hasi.

Kwa kazi ya makundi baada ya chai, naomba kila kundi lichukue kisa kimoja. Kundi la kwanza, kijana wa Jumatatu. Kundi la pili, mama wa mimba ya pili mwenye kaswende ya zamani, mumewe akiwa amekaa pembeni. Kundi la tatu, mwanamke anayetumia dawa, virusi havionekani, na mchumba wake anataka wapime pamoja kabla ya ndoa. Andikeni maneno yenyewe mtakayomwambia mteja, kwa Kiswahili cha nyumbani, kisha mtuambie mwenye majibu ni nani na majibu yanafika hadi tarehe gani.