Mchezaji Naye ni Mtunzi: Dansi na Mamlaka Masisi na Walikale

Mwaka 1956, katika nchi ya Wanyanga huko Walikale, mtambaji Shé-Kárísi Rureke alitamba utendi wa Mwindo kwa siku 12 mbele ya mwanaanthropolojia Daniel Biebuyck, ukaandikwa. Rureke hakukaa tu akasimulia. Alifunga njuga miguuni, akatikisa kibuyu, akaimba, akacheza, akaigiza. Pembeni fimbo kavu iliyolazwa juu ya vijiti ilipigwa, na wasikilizaji wakaitikia kila alipovuta pumzi. Wasomaji wengi hulipita haraka jambo moja: Rureke alisisitiza kwamba hakuwahi kuutamba utendi wote mfululizo. Desturi ilikuwa kuchagua vipande vinavyofaa kwa siku hiyo na kwa watu hao. Ukamilifu tunaousifu kitabuni ulitokana na haja ya mwandishi. Kwa hiyo mtunzi wa dansi wa Kivu anayejiona mrithi wa jadi kwa sababu tu ameshika hatua na kuwakaririsha vijana, jadi yenyewe inamkana. Hoja yangu ni kwamba kazi yake ni kuweka masharti yatakayomfanya mchezaji atoe alicho nacho mwilini, kisha mtunzi achague, akate, apange.

Njia ya kukaririsha hatua nchi hii ya Kongo imeionja. Katika Zaire ya Mobutu, wanafunzi na wafanyakazi walipangwa safu kwa safu katika kile kilichoitwa animasyo politiki: kitenge cha chama, hatua moja, sifa za mtu mmoja. Nidhamu ilikuwepo, na wengine walicheza vizuri sana. Lakini mwili uliruhusiwa kusema tu yale yaliyokwisha kuamuliwa. Mtunzi wa dansi Faustin Linyekula, aliyezaliwa Ubundu mwaka 1974 na kuanzisha kundi la Studios Kabako mwaka 2001, alikulia katika enzi hiyo. Katika onyesho lake Le Cargo la mwaka 2011 yuko peke yake jukwaani, akizitafuta ngoma za Obilo, kijiji cha utoto wake, kwa mwili uliokwisha kupita shule na majukwaa mengine. Ujerumani nako, mtunzi wa dansi Pina Bausch aliwauliza wachezaji wake wa Wuppertal maswali, na majibu yao yakawa malighafi ya maonyesho. Tusidhani basi kwamba kuuliza ni ugeni ulioletwa na ndege. Walikale ilikuwa na namna yake.

Na cha kuulizia kipo: tazameni milima ya Masisi. Mama anayepanda na gunia la viazi hulibeba kwa mkanda uliopita kwenye paji la uso: shingo imekaza, kiwiliwili kimeinama, hatua ni fupi, mikono imeshika mkanda karibu na masikio. Kijana wa chukudu, kigari cha mbao cha kusukumwa, hupiga goti moja juu ya ubao na kusukuma ardhi kwa mguu wa pili. Mtunzi anayeanza kwa kuhesabu moja hadi nane atavipoteza vyote viwili kabla ya mazoezi kwisha. Anayemwambia mchezaji, "Beba mzigo usiokuwepo, uzidishe uzito, kisha uutue bila mikono," atapata mambo ambayo yeye mwenyewe asingeyatunga.

Wapo watakaosema huo ni uvivu, kwamba mtunzi anawaachia wachezaji kazi yake. Rureke anawajibu: alikuwa na mdundo, viitikio na mpangilio wa kisa, na uhuru wake ulikaa ndani ya hayo. Kukata dakika kumi nzuri ili moja iliyo bora ionekane ni kazi ngumu kuliko kufundisha hatua. Wazee nao wanahofia mila kuharibika. Kuhusu ngoma za jando wana haki kabisa: mwenye siri akikataa isipande jukwaani, mtunzi atii. Kuhusu zilizobaki, kuchagua na kupanga upya ndiyo mila yenyewe.

Pingamizi zito ni la vita. Masisi-centre ilitekwa na waasi wa M23 Januari 2025, na Walikale-centre Machi mwaka huohuo. Wachezaji wengi ni wakimbizi wa ndani au ndugu zao. Mwili ukiulizwa unaweza kujibu kwa jeraha. Nakubali, na ndiyo maana swali liulize kazi, mchezo, na mwendo wa njiani, lisiulize msiba. Kumwagiza binti aigize alivyokimbia risasi ili wafadhili waguswe ni unyonyaji, hata kama ukumbi mzima utalia. Akiuleta msiba wake mwenyewe, basi awe na haki ya kuuondoa hata asubuhi ya onyesho.

Na hapo ndipo hoja inapogusa mfuko. Kitabu cha mwaka 1969 kilichouchapisha utendi ule kinajulikana kwa majina ya Biebuyck na Kahombo Mateene, wahariri na wafasiri wake. Rureke anatajwa ndani. Nawaomba wakuu wa vyuo, wa vituo vya utamaduni na wa matamasha ya Goma wasirudie mpangilio huo. Jina la kila mchezaji liandikwe kwenye bango kama mtunzi mwenza, na mgawo wake wa mapato uandikwe katika mkataba kabla ya mazoezi kuanza.