Shule za Mabruda na Wajibu Wetu



Wako wanaosema mabruda wasitajwe, maana walikuja pamoja na utawala wa Mjerumani. Wako wanaosema bila wao tungekuwa gizani. Wote wamesema nusu ya neno.

Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898, na Kigonsera mwaka 1899. Mwaka 1905, katika Vita vya Maji Maji, misheni ya Peramiho ilichomwa moto. Ikajengwa tena. Mabruda wakafundisha vijana useremala na uashi, kazi zinazolisha nyumba mpaka leo. Lakini, ndugu zangu, matofali yalibebwa na nani? Na baba zetu na mama zetu!

Benjamin Mkapa alisoma Kigonsera, kisha Pugu. Mwaka 1995 akawa Rais. Mwalimu Nyerere alifundisha Pugu, shule ya misheni. Mwaka 1955 ilimpasa achague ualimu au siasa, akachagua TANU. Mshahara aliuacha, nchi hakuiacha.

Sheria ya mwaka 1969 ilitia shule nyingi za misheni mikononi mwa umma, ili watoto wa Kiislamu na wa Kikristo wakae dawati moja. Sheria ilifungua mlango, haikuezeka bati. Basi tusikae kuwalaumu mabruda, wala kuwangoja. Mkulima wa kahawa wa Umatengo na mvuvi wa Lituhi, kila mtu atoe fungu lake. Anayemshukuru mwalimu kwa mdomo huku darasa linavuja, huyo hajashukuru.

Uhuru na Kazi!