Mlingoti wa Buenos Aires

Leo tungependa kuzungumza juu ya mcheza kandanda. Wazee na akina mama wasioujali mchezo huo watuvumilie kidogo, maana habari yenyewe inatuhusu sote.

Rob Rensenbrink alizaliwa Amsterdam, Uholanzi, mwaka 1947. Alikuwa winga wa kushoto, mwembamba, mtu wa maneno machache. Kwa jinsi alivyojipinda akiwapita walinzi, watu walimfananisha na nyoka. Mwaka 1971 alijiunga na klabu ya Anderlecht ya Ubelgiji, akakaa huko hadi 1980. Klabu hiyo ilitwaa Kombe la Washindi la Ulaya mwaka 1976 na tena 1978, na katika kila fainali Rensenbrink alifunga mabao mawili. Katika Kombe la Dunia la 1978 huko Ajentina alifunga matano. Moja kati ya hayo, penalti dhidi ya Scotland, lilikuwa bao la 1,000 tangu mashindano hayo yaanze.

Lakini hayo siyo wanayoyakumbuka watu. Tarehe 25 Juni 1978, mjini Buenos Aires, Uholanzi na Ajentina walikuwa 1-1 katika fainali, na dakika ya 90 imefika. Ruud Krol akapiga mpira mrefu kutoka nyuma. Rensenbrink akaukimbilia, akaufikia karibu na mstari, mahali pa finyu kabisa, akanyoosha mguu na kumpita golikipa Fillol. Mpira ukagonga mlingoti, ukarudi uwanjani. Katika muda wa ziada Ajentina ikaongeza mawili, ikashinda 3-1.

Rensenbrink aliishi zaidi ya miaka arobaini baada ya siku hiyo, na maswali ya mlingoti ule hayakumwacha. Alipofariki Januari 2020, akiwa na miaka 72, baada ya kuugua ugonjwa wa kudhoofisha misuli, hata habari za kifo chake ziliutaja.

Ndugu zetu, hebu tufikiri. Siku ile Waholanzi wengine kumi walikuwa uwanjani. Hakuna anayewauliza kwa nini waligonga mlingoti, kwa kuwa hawakuwa pale. Aliyekimbia akafika ndiye aliyebebeshwa swali.

Je, sisi hatufanyi hivyo? Yuko mama aliyesimamia mchango wa kanisa miaka kumi. Mwaka mmoja fedha zikapungua, na tangu hapo tunamtaja kwa mwaka huo tu. Yuko kijana aliyepungukiwa na alama moja katika mtihani, na baba yake hana habari nyingine ya kuwaambia wageni. Nasi tuliokaa vitini, tusiojaribu lolote, tunajiona hatuna kosa.

Mungu anayajua maisha yetu yote, tangu mwanzo hata mwisho. Hapimi mtu kwa sentimita chache za mlingoti.

Basi wiki hii tumtafute mmoja tuliyemfunga kwa kosa lake la zamani. Tukae naye, tumtajie kwa jina jambo jema alilolifanya, tena tumtajie mbele ya watu, kama vile tulivyolitaja kosa lake mbele ya watu.

Kwaherini, na amani ikae nanyi.