Umeme Ukikatika, Barua Imeenda Wapi?
Msikilizaji, unaandika barua ya kuomba kazi kwenye kompyuta ya mezani, umeme unakatika, barua haipo. Imeenda wapi?

Ilikuwa kwenye RAM, kumbukumbu ya muda. Hiyo ni kama meza ya fundi cherehani: juu yake inakaa kazi inayoshonwa sasa hivi tu. Tena RAM huishi kwa umeme. Umeme ukienda, yaliyomo yote yamefutika. Diski ndiyo hutunza kazi hata mashine ikizimwa, lakini mpaka uihifadhi. Kwa hiyo kila ukimaliza aya, bonyeza Ctrl na S kwa pamoja.

Na ukienda kununua kompyuta, muuzaji akikusifia ukubwa wa diski, muulize RAM ni gigabaiti ngapi. Mfumo wa Windows 11 unataka 4 kwa uchache, na hata hapo hujikongoja.